NYUMBA YETU: Usilipofushe Jicho la Mlango



Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Aliyetuandikia ni bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye amehamia huko pamoja na mumewe na watoto wao wawili, wakapanga nyumba yenye gereji. Twasema gereji, wala hatukusudii karakana ya fundi wa magari, kama neno hilo lilivyozoeleka huku kwetu. Twakusudia chumba cha kuwekea gari kilichoungana na nyumba, chenye mlango mpana unaopanda na kushuka kwa mota ya umeme.

Bibi huyo ametueleza kwamba jioni moja mumewe alirudi kutoka kazini, akaingiza gari, akabonyeza kitufe ukutani ili mlango ufunge, kisha akaingia ndani bila ya kugeuka nyuma. Paka wao alikuwa amejilaza pale pale mlango unapotua, akijiburudisha kwa ubaridi wa sakafu, na hakuwahi kuondoka. Mlango ukamfikia, ukambana mguu wa nyuma, ndipo uliposimama na kurudi juu. Paka alipona, lakini mpaka leo anachechemea.

Kulipokucha wakaita fundi. Fundi akatazama huku na huku, kisha akawaonyesha jambo ambalo hawakulijua tangu walipoingia nyumba ile. Yale macho mawili ya umeme, ambayo yapasa kukaa chini karibu na sakafu, moja kila upande wa mlango, yalikuwa yamepandishwa mpaka darini na kufungwa kwa utepe yakitazamana, shibiri moja baina yao. Mpangaji aliyetangulia alichoshwa na mlango uliokataa kufunga mara kwa mara, akaona hiyo ndiyo dawa. Tangu siku hiyo mlango ule ulikuwa ukiona njia nyeupe daima, hata kama mtu amelala chini yake.

Bibi amemalizia barua yake kwa kusema kwamba usiku ule hakupata usingizi, wala hakuwa akimfikiri paka. Binti yake ana miaka mitatu, na pale alipobanwa paka ndipo binti huyo huketi kuvaa viatu vyake. Mwanawe wa kiume ana miaka saba, naye pamoja na watoto wa jirani wana mchezo wa kushindana na mlango: mmoja hubonyeza kitufe, wengine hukimbia kupita kabla haujatua. Atuuliza: mtu atajuaje kama mlango wa namna hii ni wa salama, na afanye nini ili uwe hivyo?

Tumeona swali hili halifai kujibiwa kwa barua ya mtu mmoja tu. Wasomaji wetu wengi wana watoto na ndugu waishio Marekani na Kanada katika nyumba za aina hiyo, na hata huku kwetu mageti ya umeme yamekuwa mengi. Basi na tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

Mlango huu ni kitu gani

Mlango wa gereji wa Kimarekani haufunguki kwa pembeni kama mlango wa chumba. Aghalabu ni vipande vinne au vitano vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kuungwa kwa bawaba, vyenye magurudumu madogo ubavuni yapitayo katika reli mbili. Mlango ukifunguliwa, vipande hupanda kwa kufuatana, vikajikunja penye pindo la reli, vikalala chini ya dari. Mlango wa kupanda juu namna hii ulibuniwa na Mmarekani C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 yeye huyo huyo akabuni mashine ya umeme ya kuufungua. Leo jamaa nyingi za huko huingia na kutoka kwa mlango wa gereji, na mlango wa mbele hubaki kuwa wa wageni.

Mlango wa magari mawili huwa na upana wa futi 16 na kimo cha futi 7. Uzito wake, kwa kadiri ya kilichotumika kuutengeneza, waweza kuwa kilo 60 au ukapita kilo 150. Watu wengi hudhani kwamba mota ndiyo inayobeba uzito huo. Sivyo. Wenye kubeba ni springi za chuma zilizokazwa kwa nguvu nyingi juu ya mlango au kandokando ya reli. Mota husukuma tu kitu ambacho springi zimekwisha kukisawazisha. Ndiyo sababu mtoto wa miaka mitatu aweza kuuendesha mlango ule kwa kidole kimoja, na ndiyo sababu wakubwa husahau upesi jinsi ulivyo mzito.

Sheria iliyotokana na msiba

Hatari hii si ya kufikirika. Tume ya Serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza, katika miaka ya 1990, kwamba tangu Machi 1982 watoto wapatao 60, wenye umri wa miaka 2 mpaka 14, walikuwa wamebanwa na kufa chini ya milango ya gereji iendayo kwa mashine. Hesabu hiyo ilikuwa kama watoto 4 kila mwaka. Wengine walinusurika, lakini wakabaki na madhara ya ubongo. Msomaji atafakari: watoto hao hawakufa barabarani wala majini, bali nyumbani kwao.

Kwa ajili hiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1990, na kila mashine ya kufungulia mlango wa gereji ya nyumbani iliyotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 yapasa kuwa na kinga mbili. Kinga ya kwanza ni ya kugusa: mlango unaposhuka ukakutana na kitu, lazima urudi juu wenyewe. Kinga ya pili ni ya kuona: ama macho mawili ya umeme yanayopelekeana mwali usioonekana kutoka upande mmoja wa mlango hata wa pili, ama ukanda wenye hisi uliotiwa ukingoni mwa mlango. Katika nyumba nyingi ni yale macho. Mwali ukikatika wakati mlango unashuka, mlango hurudi juu kabla ya kumgusa yeyote.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kinga ya kugusa hufanya kazi baada ya mlango kumfikia aliye chini. Kinga ya kuona hufanya kazi kabla. Kule Columbus kinga ya kwanza ilifanya kazi, ndiyo maana paka yu hai. Kinga ya pili ilikuwa imepofushwa kwa mkono wa mtu, ndiyo maana anachechemea. Na mguu wa paka si shingo ya mtoto.

Kwa nini watu hulipofusha jicho

Haifai tumlaumu sana yule mpangaji kama kwamba alikuwa mtu mwovu. Alifanya yafanywayo na wengi. Jicho la umeme lina tabia ya kusumbua: mlango huanza kushuka, ukafika nusu, ukarudi juu, na taa ya mashine ikamemeta. Mtu ana haraka ya kwenda kazini, mvua au theluji yaingia ndani, na kitu hakifungi. Hasira ikimpanda, haoni tena jicho kuwa ni mlinzi. Huliona kuwa ni kifaa kibovu.

Lakini mara nyingi jicho si bovu. Buibui amefuma utando mbele yake, au vumbi limetanda, au ufagio umeegemezwa katika njia ya mwali. Pengine baiskeli ya mtoto imeligonga likageuka kidogo, hata macho mawili hayatazamani tena. Pengine jua la asubuhi au la jioni laingia moja kwa moja katika jicho lipokealo mwali. Dawa ya yote hayo ni kitambaa laini, mkono wa kuliweka sawa, na kivuli kidogo. Macho mengi yana taa ndogo, nayo yakitazamana sawasawa taa hizo huwaka bila ya kumemeta. Kazi nzima haichukui dakika tano, na mtu aliyepanda ngazi kuyafunga macho darini alitumia muda mwingi zaidi.

Kuna upofushaji mwingine uliofichika. Mashine nyingi huruhusu mlango kufunga bila ya kusikiliza macho iwapo mtu atakishikilia kitufe cha ukutani mpaka mlango utue. Njia hii imewekwa kwa dharura, kwa mtu aliyesimama akiutazama mlango kwa macho yake mwenyewe. Ikiwa nyumbani kwenu imekuwa desturi kufunga kwa kushikilia kitufe, basi kuna jambo mlango unawaambieni nanyi hamlisikii.

Nasi twasema: mlinzi anayekusumbua bila sababu, mchunguze, umtengeneze; usimtie kitambaa machoni, kisha ukalala ukidhani unalindwa. Afadhali mlango usio na jicho kabisa, kwani huo utauogopa, kuliko mlango wenye jicho lililofungwa.

Majaribio matatu ya kila mwezi

Jaribio la kwanza ni la jicho. Hakikisha kwanza kwamba macho yako mahali pake, si juu ya inchi 6 kutoka sakafuni, yaani kama sentimita 15. Fungua mlango, kisha uamuru ufunge. Unaposhuka, pitisha mpini wa ufagio mbele ya jicho. Yapasa urudi juu papo hapo.

Jaribio la pili ni la kugusa. Chukua kipande cha mbao ya 2 kwa 4, ile waijuayo maseremala wote, ukilaze kwa ubapa sakafuni katikati ya mlango. Funga mlango. Ukingo ukiigusa mbao, yapasa mlango urudi juu ndani ya sekunde 2. Ukiikandamiza mbao na kusimama, au ukaendelea kusukuma, zima mashine na uite fundi siku hiyo hiyo.

Jaribio la tatu ni la mizani. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kile kishikio chekundu kining'iniacho kwa kamba kutoka relini. Hicho huutenga mlango na mota. Kisha uinue kwa mikono mpaka nusu. Mlango wenye springi nzuri hukaa pale unapouachia. Ukianguka, au ukaruka juu wenyewe, springi zimekwisha nguvu au hazikukazwa sawa. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima mwenye nguvu, watoto wakiwa mbali, wala kishikio kisivutwe mlango ukiwa juu ila kwa shida kubwa, kwani springi ikiwa imekatika mlango utaporomoka wote.

Tukiwa katika springi, twausia kwa msisitizo: mwenye nyumba asijaribu kuzikaza wala kuzifungua mwenyewe, hata akiwa hodari wa spana. Nguvu iliyomo ndani yake hutosha kuvunja mkono au kuua. Vile vile asifungue vyuma vya pembe za chini za mlango zilikofungwa waya, kwa kuwa vimevutwa na springi hizo hizo. Springi za kawaida hukadiriwa kwa mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Nyumba inayotumia mlango mara nne kwa siku huimaliza hesabu hiyo kwa miaka saba hivi. Na kama springi zenu ni zile za kuvutika kandokando ya reli, tazameni kama kuna waya wa chuma uliopitishwa ndani ya kila moja, kwani siku springi itakapokatika waya huo ndio utakaoizuia isiruke chumbani.

Ikiwa mashine ni ya kabla ya mwaka 1993 na haina macho wala ukanda wa hisi, hapana shauri jingine ila kuibadilisha. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba barua, aweke na nakala yake. Asione haya kudai, kwani hajadai anasa.

Watoto

Kitufe cha ukutani chafaa kiwe juu, si chini ya futi 5 kutoka sakafuni, mahali ambapo aliyekibonyeza auona mlango wote. Rimoti isipewe mtoto kuwa kichezeo, wala isiachwe garini bila ya kufunga gari.

Mchezo wa kushindana na mlango ukomeshwe kabisa. Lakini kumkataza mtoto bila ya kumwonyesha sababu ni kumfundisha kucheza ukiwa hupo. Mwite mwanao siku ya jaribio la mbao. Weka juu ya mbao ile gamba la yai, au boksi tupu, aone mwenyewe kinachotokea kabla ya mlango kurudi. Hatasahau. Umfunze pia asitie vidole katika maungio ya vipande mlango unapokwenda, kwani vipande vikinyooka mianya ile hufumbika kama mkasi. Na asijining'inize katika mlango unaopanda.

Wakubwa nao wana wajibu mmoja ulio mwepesi kusema na mzito kuutunza: ukibonyeza kitufe, simama utazame mpaka mlango utue. Ni sekunde kumi na kitu tu. Yule bwana wa Columbus angezisubiri, angemwona paka wake.

Wanyama wa nyumbani

Jicho la umeme huchunga mstari mmoja tu. Paka aliyejilaza bapa aweza kuwa chini ya mstari ule, na mkia wa mbwa aliyekwisha kupita waweza kubaki nyuma bila ya kuukata mwali. Kwa hiyo mnyama hana kinga ila macho yetu. Kabla ya kufunga, mwite paka, tazama chini ya gari, kisha ufunge. Wala msiuache mlango wazi shibiri moja usiku kucha ili paka apate njia. Mlango ulioachwa nusu hujaribu watoto kupenya chini yake, na mtu akibonyeza rimoti kwa mbali hajui nani anapita.

Na mjihadhari kumfungia mnyama humo kwa kutojua, mkasafiri. Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka bila ya chakula wala maji hata akafa, kila aliyepitia chuoni akijua, na malipo ya mwanamke yule ayajua pia. Gereji aghalabu ina na hatari nyingine: ile dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande huwa na ladha tamu, na kiasi kidogo huweza kumwua paka au mbwa. Iliyomwagika ipanguswe upesi, na chupa ifungwe na kuwekwa juu.

Umeme ukikatika

Kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na nyanya na babu waliokuja kuzuru, afundishwe kishikio chekundu kinavyovutwa na mlango unavyoinuliwa kwa mkono. Katika mioto mikubwa iliyoteketeza sehemu za California Oktoba 2017, umeme ulikatika, na wako waliokwama gerejini kwa kushindwa kuifungua milango. Baada ya hayo jimbo lile lilitunga sheria kwamba mashine mpya ziuzwazo tangu tarehe 1 Julai 2019 ziwe na betri ya akiba. Jambo jema, lakini betri haimtoshi asiyejua kishikio kiko wapi.

Na sisi wa huku

Asidhani msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Geti la chuma linaloteleza kwa mota lina uzito kama ule, na watoto hulipanda wakilifanya pembea. Geti la nyumba yetu sisi wenyewe lilichomoka relini mwaka mmoja, likalala barabarani kwa kishindo, kwa sababu fundi aliyelitia hakuweka kizuizi cha mwisho wala sisi hatukumwuliza. Ilikuwa saa ya watoto kwenda shule, na siku hiyo, kwa bahati, walikuwa wamechelewa. Basi ulizeni: Kizuizi kipo? Macho yapo, nayo hayakufungwa? Ufunguo wa kulitenga geti na mota uko wapi, na nani aujua?

Wiki iliyopita bibi yule ametuandikia tena. Macho yameshushwa chini mahali pake. Asubuhi ya kwanza mlango ulikataa kufunga, na mumewe alikuwa na haraka. Akashuka garini akiguna, akainama, akakuta kiatu kimoja cha binti yake kimesimama mbele ya jicho. Bibi asema mumewe alikishika kiatu kile kitambo, asiseme neno. Kisha akakirudisha ndani, akafunga mlango, akasimama akiutazama mpaka ukatua.

Nasi twawausia wasomaji wetu wote wafanye vivyo hivyo. Leo hii, kabla ya kulala, nendeni mkatazame jicho la mlango wenu liko wapi.